Soda Isiyojaa Povu

Katika teksi ya kwenda Tororo, mbele yangu aliketi Jared, fundi wa Busia upande wa Kenya, amepakata mashine ya kumimina soda. Amulen, mchuuzi wa soda wa Osukuru, kabla ya kufika Tororo mjini, alikuwa kando yake. "Mashine yangu inajaza kikombe povu tu," alisema. "Watu wanasema mimi naiba." Jared akamwambia, "Shida ni mrija mfupi, mama. Kwa hii yangu nimeweka mrefu, unapita kwenye barafu, soda inashuka polepole." Amulen akauliza, "Na povu ikirudi? Wewe uko Kenya. Mimi nabaki na jina ya mwizi."

Teksi iliposimama Osukuru, Amulen alishuka bila kuaga. Jared, aliyekuwa akienda Tororo mjini, naye akashuka na mashine yake, akamfuata.