Hesabu Nilizozihifadhi kwa Moyo

Assalaam aleikum, mama zangu. Shikamooni nyote. Nimeambiwa niseme na hawa wadogo zangu wanaokwenda chuo kikuu mwaka huu. Nitasema, ijapokuwa naona haya mbele yenu. Mwanicheka? Haya, chekeni, mtafika huko.

Wengi hapa Malindi mwanijua kwa kuhifadhi. Humu madrasani, nikisikia kitu mara mbili kimeingia. Na ukisita, maalim akutia neno lililokupotea, waendelea. Hivyo ndivyo nilivyosoma hata hesabu za sekondari, nikapasi, nikaenda kusomea ualimu wa hesabu.

Mwaka wa pili tukaanza somo liitwalo uchambuzi. Ndugu zangu, nawaambia, somo lile halikutaki jawabu. Jawabu wapewa! Kazi yako ni kuthibitisha kwamba ni kweli, mstari kwa mstari, kila mstari na sababu yake. Nikasema, ah, jepesi hili. Nikahifadhi kila alichoandika mhadhiri, hata nukta.

Siku moja akaniita ubaoni. Nikaandika mbio, mpaka mstari mmoja ukaniruka. Nikageuka, nikamtazama, nikingoja anitie neno. Naye akanitazama tu. Nami bado nangoja! Darasa zima likaangua kicheko. Mhadhiri akauliza, "Na huo mstari wa juu, kwa nini umeuandika?" Nikaweka chaki, nikarudi kitini.

Mtihani ukaja, swali limegeuzwa kidogo tu. Mimi nikaandika uthibitisho wa swali jingine, safi kabisa, bila kosa. Nikaanguka. Nikaambiwa nitarudia mara moja tu, na nikianguka tena nifungashe virago. Tangu hapo simu ya mama ikilia, naiogopa.

Chumbani nilikaa na mwenzangu wa Jilore, binti wa wakulima, naye akisoma somo hilo hilo. Akaniambia, "Hebu nithibitishie mimi, lakini funga kitabu." Mstari wa kwanza akanikata: "Kwa nini?" Wa pili: "Nani kasema?" Nikawaka. "Wewe wataka nini kwangu?"

"Nataka uniambie hujui."

Yarabi! Neno hilo sikuwahi kulitamka mbele ya mtu. Nililia kwanza, jamani, nililia kama mtoto. Kisha nikalisema. Akanipa kitambaa, akasema, "Haya, sasa twaweza kuanza. Tia namba, uone yatokea nini." Tukatia moja, tukatia mbili, tukachora, mpaka nikaona mwenyewe kwa nini ule mstari umewekwa pale. Tukaendelea hivyo kila jioni, na hofu haikuniondoka hata siku moja.

Siku ya kurudia, swali la kwanza sikuwahi kuliona maishani. Nikalisoma mara tatu, halikuingia. Nikawaza, basi, naenda nyumbani. Nikaandika pembeni kwa penseli: sijui. Nikatia namba. Nikatia nyingine. Pakaonekana mahali pa kuanzia, padogo. Nikaandika mistari yangu mwenyewe, imekwaruzwa kwaruzwa, haitazamiki, lakini kila mmoja ungeniuliza ningekujibu.

Nikapasi, kwa alama za chini kabisa. Nilipompigia mama nililia kabla ya salamu, akadhani kuna msiba. Mama, yuko pale, ajifunika uso.

Namshukuru Mungu. Namshukuru huyu mama, ambaye nilipomwambia nimeanguka alisema tu, "Njoo ule, kisha urudi ukajaribu." Namshukuru yule mwenzangu, niliyemkasirikia kwa kuniuliza. Na maalim wangu pia, kwani kuhifadhi si kosa, msije mkaenda mkasema nimesema hivyo! Ila ukikwama, mwambie mtu mapema. Usingoje mtihani ukusemee.

Mwezi ujao napelekwa shule moja huku Sabaki kujaribiwa kufundisha, na naogopa, sitawaficha. Lakini mtoto wa kwanza atakayesimama aniambie hajui, nitamvutia kiti akae karibu nami.