Kona Nyekundu ya Mwalimu Wakio

Mwalimu Alice Wakio, ambaye leo tumemsindikiza hadi hapa Ronge kwa mazishi yake, alizaliwa Kishushe tarehe 14 Machi 1974, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Mwaluma na Mama Wawuda, na historia yake hii imeandikwa na mumewe, Mwalimu Hillary Mwadime, ambaye ameomba isomwe na shemeji yake, Elijah, kwa kuwa sauti yake mwenyewe haingefika mwisho.

Alisoma shule ya msingi kule Kishushe kuanzia mwaka 1981 hadi 1988, akienda kwa miguu kwa sababu gari lilikuwa la kubahatisha, kisha akajiunga na shule ya upili ya bweni milimani, akamaliza mwaka 1992 akiwa wa kwanza katika hesabu, ingawa alizoea kusema, "Nilikuwa kasuku tu, hatua nilizijua, maana sikuijua."

Baada ya diploma ya ualimu aliajiriwa Januari 1997 katika shule ya kutwa mjini Voi, ambako alimkuta Hillary, mwenye digrii ya hesabu na majivuno kiasi chake, wakafunga ndoa tarehe 12 Desemba 1998, Mungu akawajalia Valarie mwaka 2000 na Tom mwaka 2003.

Agosti 2004, shule zikiwa zimefungwa, Wakio alikuwa akipanua kitambaa cha meza cha mraba, cha bluu, kwa kipande kirefu alichonunua sokoni, akakikata kwa urefu katikati, akashona nusu moja upande mmoja na nusu ya pili upande unaopakana nao, na alipokitandaza akaona kona moja imebaki wazi, pengo la mraba mdogo, akaiacha cherehani na kuita kwa sauti, "Baba Vale! Baba Vale, njoo uone! Hii si ndiyo kukamilisha mraba? Tunagawanya kwa mbili kwa sababu pande ni mbili, na ile tunayoongeza mwishoni ni hii kona!"

Hesabu hiyo wanafunzi hufundishwa kama amri, kwamba chukua namba hii, igawanye kwa mbili, izidishe kwa yenyewe, iongeze kulia na kushoto kwa mlinganyo, na Hillary alikuwa ameifundisha hivyo kwa miaka mingi bila kujiuliza, kwa hiyo alikitazama kitambaa, akaona kitambaa, akajibu, "Mama Vale, mtihani hauulizi kwa nini," akarudi kwenye gazeti lake. Kitambaa cha bluu kilikuwa kimekwisha, Wakio akaiziba kona kwa kipande chekundu, na kuanzia siku hiyo kila meza ilipotandikwa Hillary aliigeuzia kona hiyo ukutani, kwa sababu aliiona haipendezi.

Muhula uliofuata Wakio alikata maboksi ya sabuni akaingia nayo darasani, watoto wakapanga vipande wakibishana na kucheka hadi kelele zikafika ofisini, na Hillary, akiwa mkuu wa idara, akaandika katika daftari la maandalio la Wakio, "Zingatia hatua. Muda hautoshi." Wakio aliyafunga maboksi kwa kamba, akazingatia hatua, matokeo yakapanda, na mwaka 2011 shule ikapata kikombe cha hesabu, ambacho Hillary ndiye aliyekwenda kukipokea. Kwa miaka ishirini hakumwita tena mumewe aje aone kitu.

Oktoba 2024 aligunduliwa kuwa na maradhi ya figo, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na Mei mwaka huu akashindwa kufundisha. Jumatatu tarehe 9 Juni Hillary alishika darasa lake la kidato cha tatu, akaandika hatua ubaoni, na msichana aitwaye Mumbe akauliza, "Mwalimu, lakini kwa nini tunagawanya kwa mbili?" Akazirudia hatua, naye Mumbe akasema, "Hilo ni jibu la 'vipi', mwalimu. Mimi nimeuliza kwa nini," darasa likacheka.

Jioni alilipeleka swali hilo hospitalini. Wakio, akiwa na barakoa ya oksijeni, alipitisha kidole juu ya shuka, upande mmoja, kisha upande wa pili, kisha akagonga pale pande hizo zinapokutana, akagonga tena, na Hillary, akidhani shuka inamsumbua, akaichomeka vizuri chini ya godoro. Wakio alimtazama kwa macho yanayocheka, akayafumba, na Jumatano tarehe 11 Juni 2025, saa tano asubuhi, akaaga dunia.

Ijumaa Valarie alitandika meza ya kitabu cha rambirambi, na Hillary aliposhika kitambaa ili aigeuzie ile kona ukutani kama kawaida yake, akazifuata kwa kidole pande mbili hadi zinapokutana, penye kipande chekundu, kama Wakio alivyofanya juu ya shuka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Voi na wa hapa Ronge waliopika na kuteka maji wiki nzima, pamoja na walimu wenzake. Mumbe, uko hapa na wenzako, na kabla hujaondoka pita pale mezani, inua kitabu, kona imegeuzwa kwa watu, na Jumatatu maboksi yatakuja darasani, kamba bado ni ile aliyoifunga yeye.

Mama Vale, Baba Vale ameona. Amechelewa, lakini ameona. Pumzika kwa amani.