Wilbroad Kavishe, Mpimaji wa Nyutroni (1975–2025)

Dkt. Wilbroad Kavishe alizaliwa tarehe 3 Mei 1975 Mkuu, Rombo, mtoto wa nne wa Mama Ndeshi na marehemu Mzee Sadock Kavishe.

Alisoma shule ya msingi Rombo na sekondari Moshi, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikohitimu shahada ya fizikia mwaka 2000. Mwaka 2004 alikuja Texas kuendelea na masomo. Alipata shahada ya uzamivu mwaka 2011.

Tangu hapo alifanya kazi katika maabara moja kaskazini mwa Dallas, akitengeneza vigunduzi vya semikondakta vya kupimia nyutroni za joto, yaani zile zilizopunguzwa kasi. Nyutroni haina chaji, hivyo kifaa hakiihisi moja kwa moja. Wilbroad alipaka juu ya semikondakta utando mwembamba wa boroni, unaoinasa na kutoa chembe zenye chaji ambazo kifaa huzihisi. Mwaka 2019 kigunduzi kimoja kilitoa hesabu kubwa kupita matarajio, na wenzake wakaanza kupongezana. Yeye alikifunika kwa bati la kadmiamu, ambalo huzuia nyutroni hizo. Hesabu ilipaswa kushuka karibu na sifuri. Haikushuka. Kifaa kilikuwa kinahesabu miale ya gama, inayopenya bati hilo, si nyutroni.

Mhandisi mwenzake, Njoroge, ambaye yuko nasi leo, alimwambia, "Wewe Kavishe, hata chapati yangu utaifunika na hicho kibati ndio uamini ni chapati."

"Kama umeipika wewe, nitaifunika mara mbili," Wilbroad alimjibu.

Siku hiyohiyo aliwaandikia wafadhili ukweli. Mradi ulisimama mwaka mzima. Hakulalamika. Kigunduzi kilichofuata kilipofunikwa, kilinyamaza.

Tarehe 16 Juni 2007 alifunga ndoa na Glory, muuguzi, katika Kanisa Katoliki hapa Arlington. Walijaliwa Whitney na Vicent. Nyumbani Cedar Hill, watoto waliporudi shule na kumsalimia kwa Kiingereza, alijifanya hasikii mpaka waseme shikamoo.

Januari mwaka huu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alitibiwa Houston, kisha akarudishwa huku Fort Worth, alikofariki Jumanne tarehe 9 Septemba.

Familia inalazimika kusema jambo moja. Imeandikwa kwenye makundi ya simu kwamba kazi ya mionzi ndiyo iliyomuua, na kwamba mwili wake si salama. Msibani, baadhi yetu tulimpa Glory pole tukiwa mlangoni, mikono mfukoni. Mama mmoja alimuuliza, "Dada, kweli mtafungua jeneza?"

Beji aliyovaa kazini kupimia mionzi haikuwahi kuvuka kiwango kinachoruhusiwa. Madaktari wake hawakuona uhusiano wowote kati ya ugonjwa na kazi yake. Mwili wake hauna mionzi. Kusambaza neno ambalo hukulichunguza ni kosa, hata ukilisema kwa huruma, na aliyeumizwa nalo ni mjane.

Wilbroad ameacha mke, watoto wawili, mama mzazi na ndugu watano.

Mungu ampe pumziko la amani.

Jeneza liko wazi, na Glory amesimama kando yake. Tunaomba kila mmoja apite amuage Wilbroad, kisha ampe Glory mkono. Mstari wa mbele uanze.