Chipu Iliyosahau Joto la Mtoto

Mgeni rasmi, mkurugenzi wetu mkuu. Viongozi mlioketi meza kuu. Ndugu wafanyakazi wenzetu.

KARIBU
Sisi mafundi wa karakana ya vifaa vya hospitali tunakukaribisha. Utuwie radhi kwa kutokupokea kwa nyimbo. Moyo huo hatukuwa nao.

TULIKOTOKA
Mwaka wa tisa sasa tunatengeneza vidhibiti joto vya vitanda vya watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Ndani ya kila kimoja mna chipu ya kumbukumbu, ndogo kama punje ya mchele, inayotunza kiwango cha joto alichopanga muuguzi hata umeme ukikatika. Aliyekuwa akizichagua ni mpimaji wetu mkuu, ambaye sote, wakubwa kwa wadogo, tunamwita Shangazi. Hakuwa mtu wa kuamini karatasi ya kiwandani. Chipu aliiandika na kuifuta kutwa nzima, akaipasha moto, akaikatia umeme katikati ya kuandika, kisha akaangalia kama bado inakumbuka.

MAFANIKIO
Vidhibiti mia nne na kumi na viwili vilipita mikononi mwake. Hakuna hata kimoja kilichosahau.

CHANGAMOTO
Mwaka juzi lilikuja agizo tubadilishe chipu, tuchukue ya bei nafuu. Shangazi alipanda ofisini kwa meneja wa ununuzi.

"Hii inavumilia kuandikwa mara laki moja," alimwambia. "Kifaa chetu kinaandika kila dakika tano. Piga hesabu, kaka. Haimalizi mwaka."

"Shangazi, wasiwasi wako umezidi. Weka sahihi kwenye fomu, twende."

Hakuweka. Aliweka mwingine.

Mwaka haukutimia. Asubuhi moja umeme ulikatika wodini, ukarudi baada ya dakika tatu. Kidhibiti kimoja kilisoma kumbukumbu yake, kikakuta takataka badala ya kiwango cha joto, kikaacha kupasha joto bila kupiga kengele. Taa yake ya kijani iliwaka kama kawaida. Muuguzi alikuwa peke yake na watoto kumi na wanane, akaiamini taa. Mtoto wa kike wa siku sita alikufa kwa baridi, mchana kweupe.

Shangazi ndiye aliyetumwa kukifungua kidhibiti hicho. Mama wa mtoto alikuwa bado amekaa palepale.

"Mama, kimeharibika nini?" alimuuliza Shangazi.

Ulimi wa Shangazi ulikataa uongo. "Kimesahau, mwanangu. Na tulijua kitasahau."

Kwa maneno hayo alisimamishwa kazi. Taarifa ya uchunguzi imeandika: uzembe wa mpimaji.

MAOMBI
Vidhibiti sitini na vitatu vyenye chipu ile bado viko wodini. Tunaomba vitolewe leo, visisubiri kikao. Tunaomba chipu ichaguliwe na anayeipima. Tunaomba taarifa isahihishwe. Fomu aliyokataa kutia sahihi tunayo.

Tulitaka risala hii aisome mwenyewe. Walinzi wamemkatalia kuingia. Yule mama wa sweta ya kijivu aliyeinamia dirisha la gari lako getini, ukapandisha kioo, ndiye Shangazi.

Mungu akupe afya na ujasiri, na awafunike watoto waliolala kwenye vitanda vile hivi tunavyozungumza.

Ni sisi,
Mafundi wa Karakana ya Vidhibiti Joto.