Bahasha Ndogo Kwenye Kabambe Yangu

Bwana asifiwe. Itikieni tu mkiwa mmeketi. Hata mimi nikimaliza nitakaa haraka, maana magoti haya yameinamia mawe zaidi ya miaka arobaini na leo yamechoka.

Mchungaji amenipa dakika tano. Hazitanitosha, na yeye anajua.

Sikuja kuwaambia muujiza. Sikuponywa ugonjwa wowote. Nimekuja kuwaambia habari ya simu. Hii hapa. Kabambe, ya vifungo, ile yenye tochi kichwani. Msicheke, wengi wenu mnayo mfukoni.

Mnanijua kama fundi wa mawe. Ukipita Kitisuru ukaona ukuta wa jiwe la kijivu umepanda mteremko bila kupinda, huenda ni mikono hii. Hakuna chuo kilichonifundisha. Nilikuja Nairobi kutoka magharibi na shati moja, nikaanza kwa kubeba maji ya kuchanganya saruji hapa Dagoretti Corner, nikawa naangalia wakubwa wanavyolikata jiwe mpaka nikawashinda. Sijisifu. Basi, najisifu kidogo.

Jambo ambalo hamkulijua ni kwamba mzee huyu hakujua kusoma. Darasa la pili sikulimaliza. Tarakimu nazijua sana, futi na inchi hakuna wa kunidanganya. Lakini herufi, hapana. Mmekaa nami kwenye benchi hizi miaka mingi mkiniona na kitabu cha nyimbo. Namba ikitajwa nafungua pale pale kama mwalimu. Maneno yalikuwa kichwani, nimeyakariri. Na mtu akinipa karatasi, dawa yake ilikuwa moja: "Nimesahau miwani." Watu wakazidi kuniuliza hiyo miwani iko wapi, nikanunua ya barabarani. Haikuniongezea kitu, ila ilinipa heshima.

Aliyejua ni mmoja tu, marehemu mke wangu. Ujumbe ukiingia, alikuwa anauchukua akiwa anageuza sufuria na kuusoma kwa sauti kana kwamba anaongea peke yake. Hakuwahi kuniambia, "Njoo nikusomee." Hata siku moja. Mimi nasikia nikiwa nimekaa pale mlangoni, najifanya sisikii. Ndivyo tulivyoishi.

Binti yetu, mtoto pekee aliyetubakia, hakujua. Nilimwambia niliishia la saba. Akileta ripoti ya shule naivalia miwani, naitazama, natikisa kichwa, naweka sahihi niliyofundishwa na mama yake.

Mke wangu akafariki. Sitakaa hapo, wenye kujua wanajua. Baadaye kidogo simu yangu ya zamani ikafa kwa vumbi la saruji, nikaenda kibanda kimoja pale Adams Arcade nikanunua hii. Mama wa kibanda akaweka laini, akahamisha majina, akaniuliza, "Mzee, niweke Kiswahili ama Kizungu?"

Nikamwambia, "Weka yoyote. Kwangu zote ni sawa."

Na ndugu zangu, hapo sikudanganya.

Sasa sikilizeni jinsi mjinga anavyotumia akili. Mtu akishahifadhiwa kwa jina, namba yake inajificha, na mimi namba ndiyo ningeweza kuisoma. Kwa hivyo nikawa nahesabu. Mwenye lori la mchanga, bonyeza chini mara mbili. Fundi mwenzangu, mara tatu. Binti yangu, mara tano. Sikuhitaji kusoma kitu. Nikajiona nimeishinda simu.

Siku moja binti yangu akanipigia. Alikuwa mwaka wa mwisho, chuo cha ualimu, huko kwetu magharibi. Akasema, "Baba, nimesimamisha masomo kwa muda. Nina mimba."

Mimi nimemsomesha mtoto huyo kwa vumbi lililo kwenye kifua hiki. Nilimjibu, na nitayarudia maneno yenyewe mbele yenu kwa sababu nimechoka kuyabeba. Nilimwambia, "Usinipigie tena. Sauti yako sitaki kuisikia."

Akasema, "Sawa, baba."

Akanitii. Hakunipigia tena.

Tangu siku hiyo simu ikawa inalia *bip*, halafu pale juu ya kioo kunatokea bahasha ndogo. Nikadhani ni yale matangazo ya kampuni, umeshinda hiki, nunua kile. Nilikuwa nabonyeza kifungo chekundu, naendelea na kazi. Siku nyingine *bip*. Nabonyeza chekundu.

Miezi miwili ikapita, hasira ikapoa. Siyo kwamba hasira iliisha, nilichoka nayo. Nikaamua nimpigie, si kuomba msamaha, nimuulize tu kama anakula. Nikabonyeza chini mara tano. Yule mwanamke wa kwenye simu akaniambia mteja hapatikani. Kesho yake, mara tano, hapatikani. Nikajaribu wiki nzima. Nikasema, haya, mtoto amenizimia simu. Ana kiburi cha baba yake.

Ndugu zangu, nawaambia, kuna uchovu wa mwili, ule ukilala unaisha. Na kuna ule mwingine. Niliacha kuja hapa. Mkanitumia watu, nikawaambia nina kazi Jumapili. Uongo. Nilikuwa nakaa kitandani na viatu. Nikala ugali wa jana na chumvi. Kazini Kitisuru nikajenga ukuta ukaenda upande, mimi! Mwenye nyumba akasimama pale akautazama, akaniuliza kwa upole, "Fundi, uko sawa?" Nikabomoa mistari mitatu. Afadhali angenitukana.

Nikakaa hivyo karibu mwaka.

Halafu simu ikajaa. Kila nikiifungua inaleta maandishi, inalia, inakataa. Nikaenda Adams Arcade kwa yule mama. Nilivaa koti langu hili, miwani nimeipandisha kichwani. Kibandani kulikuwa na watu wawili watatu.

Nikamwambia, "Mama, nitolee hii bahasha. Inanisumbua."

Akaangalia. "Ujumbe umejaa, mzee. Nifute zote?"

"Futa."

"Zote kabisa? Umeshazisoma?"

"Mama, nimesema futa. Nina kazi."

Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kifungo. Nilikiona. Kidole chenye rangi ya kucha imebanduka nusu, hata leo nakikumbuka. Akakirudisha nyuma.

"Ngoja kwanza. Matangazo ni machache. Hizi nyingine zote ni za mtu mmoja. Anakuita baba."

Nikasema, "Anasemaje?"

Akanirudishia simu. Ni mama mwenye adabu. Akasema, "Hayo ni ya nyumbani kwako, mzee. Soma mwenyewe, mimi si wa kuingilia."

Nikatia mkono mfuko wa koti. Nikatia na ule mwingine. "Nimesahau miwani."

"Iko kichwani, mzee."

Kijana mmoja aliyekuja kununua chaja akacheka. Mimi nikasimama pale na simu mkononi. Mke wangu yuko kaburini, hakuna sufuria, hakuna mtu wa kuongea peke yake nikasikia. Nikaona nina njia mbili tu: niondoke na koti langu zuri, ama niseme.

Nikasema, "Mama, sijui kusoma."

Kijana akasema, "Ai! Na vile umevaa koti?"

Yule mama akamgeukia. "Wewe chukua chaja yako uende. Unajua kujenga ukuta wewe? Hata kitanda hujui kutandika." Kisha akatoa kigoda chake mwenyewe, akanikalisha ndani ya kibanda, akainama karibu na sikio langu akaanza kusoma polepole, wa kwanza hadi wa mwisho.

*Baba, umesema nisipige. Kwa hivyo naandika.*

*Baba, nimepimwa, wanasema mtoto amekaa vibaya.*

*Baba, nimelazwa. Niombee.*

*Baba, ni msichana. Nimempa jina la mama.*

*Baba, nimerudi chuo. Jirani ananishikia mtoto mchana.*

Zilikuwa nyingi, hizi ndizo ninazoweza kuzisema mbele ya watu. Ya mwisho ilikuwa na wiki tatu. *Baba, nimekuelewa. Sitakuandikia tena. Kula vizuri.*

Nikamuuliza yule mama, "Mbona basi alizima simu? Nimempigia wiki nzima!"

"Umempigia vipi?"

Nikamwonyesha. Chini, chini, chini, chini, chini. Akaangalia jina, akaniangalia. Huyo hakuwa binti yangu. Alikuwa fundi mmoja mzee aliyerudi kwao zamani, laini yake ilikufa. Kumbe msimamizi wa ile nyumba ya Kitisuru aliichukua simu yangu akajiandika ndani, jina lake likaingia katikati, wote wa chini wakasukumwa hatua moja. Binti yangu alikuwa amekuwa mara sita. Wa juu hawakusogea, na wa juu ndio niliokuwa nawapigia kila siku. Ningejuaje?

Mama akasema, "Tumpigie sasa hivi."

Nikamwambia, "Sauti yake ndiyo niliyoikataa. Siwezi kuanza na sauti. Andika."

"Niandike nini?"

Ndugu zangu, nilijenga nyumba ya mawe kwetu kijijini kwa miaka tisa. Ujumbe huo ulikuwa mzito kuliko nyumba hiyo. Nikasema, "Andika hivi: Ni baba. Sijawahi kujua kusoma. Nilikudanganya. Ujumbe wako nimesomewa leo, na mtu. Nisamehe."

Akatuma. Tukakaa. Akauza chaja mbili na kadi, mimi niko kwenye kigoda chake. Nikawaza, sasa hata ile heshima ya la saba imeenda, na mtoto pia ameenda.

Simu ikalia. Siyo *bip*. Ililia kabisa.

"Baba?"

"Naam."

Akasema, "Na ripoti zangu zote za shule? Ulikuwa unasoma nini?"

"Nilikuwa naangalia wino mwekundu. Ukiwa mwingi najua ni mbaya."

"Kwa hivyo ile ya darasa la sita, nilipokuwa wa pili kutoka mwisho, ukaninunulia soda..."

"Ilikuwa ya bluu yote."

"Mwalimu kalamu yake nyekundu iliisha, baba!"

Akacheka. Akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, na nyuma yake nikasikia mtoto mdogo naye ameanza kulia. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kumsikia mjukuu wangu.

Sitawadanganya kwamba yote yalirudi. Chuo kilipofungwa walikuja hapa kwangu. Mtoto alikuwa tayari anatambaa, na kuanza kwake kutambaa sikukuona, wala sitakuona. Aliponitazama alilia kama ameona mgeni, na ni haki yake. Mimi na mama yake bado tunaongea polepole, kama watu wanaopita kwenye zege ambalo halijashika. Lakini tunaongea.

Na ameninyang'anya ujinga. Ni mwalimu huyo, amemaliza. Aliniambia, "Baba, namba unazijua. Angalia kifungo cha mbili. Chini yake kuna herufi. A bonyeza mara moja, B mara mbili. Neno baba lote liko kwa namba mbili. Mama ni sita, mbili, sita, mbili." Nikakaa na kabambe kama mtu anayepima msingi. Miaka yote nilidhani herufi ziko mbali na mimi, kumbe zilikuwa zimekaa chini ya namba. Sasa kila asubuhi ananitumia mstari mmoja. Kuumaliza kunanichukua muda wa chai kuchemka, na siku nyingine chai inamwagika. Macho yanauma. Niko mzee. Lakini nasoma, na najibu mwenyewe, na makosa yangu anayarudisha. Siku hizi hana kalamu nyekundu, ananiandikia tu: *rudia*.

Namshukuru yule mama wa kibanda. Hayuko hapa, ana kanisa lake. Kama kidole chake kingekuwa na haraka, leo ningekuwa sina mtu. Nilimjengea ngazi ya mawe mlangoni, mvua ilikuwa inamsumbua. Nawashukuru nyinyi mlionitumia watu nikawadanganya. Namshukuru binti yangu, aliyenitii kuliko nilivyostahili. Na Mungu, anajua.

Somo langu ni fupi. "Sijui kusoma." Ni maneno mawili. Mimi yalinichukua miaka sitini, na yalikaribia kunigharimu mtoto.

Nimemaliza, ila kuna mtu mmoja. Uko hapa ndani. Sitakutaja, wala sitakuangalia. Wewe ambaye kila Jumapili umesahau miwani. Mimi nilikuwa na yangu kichwani, kwa hivyo nakujua. Ibada ikiisha nitakuwa nje, nyuma ya tangi la maji, peke yangu. Njoo na simu yako. Tutaanza na kifungo cha mbili.