Mzee Chaki na Kibao cha Maneno ya Mbio

Mke wangu alikufa wiki tatu zilizopita, Jumanne, saa tano asubuhi. Wenzangu wamesema habari za mnyapara wetu niandike mimi kwa sababu niko nyumbani nimekaa tu. Haya.

Mzee Chaki anastaafu leo, tarehe thelathini. Amekaa ghala la saruji miaka thelathini na mmoja. Alianza kwa kubeba, kama sisi. Mgongo ukakataa, wakampa unyapara.

Bosi wetu anafoka kwa Kiingereza, na karibu kila neno lake ni la kukimbiza watu. Mzee akatundika kibao mlangoni. Kila asubuhi, kabla ya kupakua, anaongeza neno moja kwa chaki, la jana hafuti. "Rush off": ondoka mbio, ulichoshika acha. "Hurry up": kazi ile ile, ongeza mwendo. "Dash in": ingia, chukua, toka, usipige soga. "Run along": huambiwa mtoto. Ukiambiwa wewe umedharauliwa, nenda hivyo hivyo.

Mwenzetu Kipara aliambiwa "hurry up", akatupa gunia, akatoka mbio mpaka barabarani. Mzee akamfuata taratibu. "La jana hilo, baba. La leo unakimbia na gunia." Tulicheka mpaka vumbi likatupalia.

Jumanne ile shemeji yangu akapiga simu. "Njoo, dada anaondoka." Nina gunia mgongoni, lori liko nusu, bosi kasimama pale pale. Nikaganda. Mzee akalivuta gunia, akaliweka kwenye mgongo wake ule ule mbovu.

"Rush off, baba. Hili niachie."

Nilimkuta mke wangu ana pumzi. Akanijua. Akauliza, "Leo wamekuachia?" Nikamwambia, Mzee Chaki. Akasema, "Mwambie ahsante." Hakusema lingine.

Juzi karani kaniambia Mzee aliandikiwa barua ya onyo kwa ajili yangu, ya kwanza tangu aajiriwe. Alikuja msibani, akakaa na sisi siku mbili, hakuitaja.

Mzee, ahsante. Hiyo ni ya marehemu, alinituma. Yangu imo humo humo. Kaa nyumbani, laza mgongo, chai yako iache ipoe ukitaka, hakuna wa kukufokea. Uishi vizuri.

Kibao hatukiondoi. Mimi kesho narudi kazini.