Cordell na Benchi la Wapinzani

Jumanne ile, kwenye benchi lililo mbele ya duka la kinyozi mjini Harlow, Alabama, walikuwapo Mzee Roosevelt Pettway, aliyecheza mpira wa Kimarekani miaka sita mpaka goti likamkatalia. Binti yake Verneta, na mwanawe mchanga kifuani. Refa, mstaafu wa posta anayetoa hukumu juu ya kila jambo. Na Dizeli, fundi wa malori. Refa alikuwa amemwachia Mzee ile ncha ya benchi anapoweza kunyoosha goti. Dizeli alikaa upande wa upepo ili mtoto asipigwe na baridi. Verneta aliyaona yote mawili, akawamiminia kahawa. Kilichowakusanya ni mdogo wake Verneta, Cordell, anayecheza mpira huohuo. Jumapili aligongwa kichwani uwanjani, mji mzima ukitazama kwenye televisheni. Akainuka, akatembea taratibu mpaka benchi la wapinzani, akakaa.

— Yule kaenda kupeleleza, alisema Refa. Anakaa pale dakika moja, anasikia mipango yao yote, anarudi nayo.

— Acha kutupiga kamba, alisema Dizeli. Akapeleleze na jezi ya rangi nyingine?

— Ndiyo akili yenyewe. Nani atamshuku mtu aliyekuja waziwazi?

— Mimi nakwambia keshauzwa. Wale ndio timu yake mpya. Kaenda kuzoea viti.

— Kauzwa katikati ya mechi, Dizeli?

— Kwani wenye timu wakikaa kule juu nyuma ya vioo, unadhani wanatafuna njugu tu?

Mzee Roosevelt akatikisa kichwa.

— Nyie hamjui. Baba yangu alivunjika mbavu mbili na akamaliza mechi. Cordell kaenda kuwaonyesha hao jamaa kwamba hawaogopi. Jumapili ijayo mtamwona.

Verneta akamfunika mtoto vizuri. Jana yake Cordell alimpigia simu, akamuuliza mtoto anaitwa nani. Baada ya muda kidogo akauliza tena. Mtoto anaitwa Cordell, jina la huyo huyo mjomba wake. Tangu hapo moyo wa Verneta haukutulia, na hakujua amwambie nani. Kwa akina Pettway, mechi ikiisha baba huuliza jambo moja tu: uliinuka mwenyewe? Ukijibu ndiyo, yamekwisha. Maumivu hayaulizwi. Verneta mwenyewe alirusha tufe msimu mzima na bega lililoteguka.

Akapita Bi Ines, mpeleka barua mpya, wiki ya tatu tu mjini. Verneta akampa kikombe.

— Asante, mama. Samahani wazee, nimewasikia toka kona ile. Kwani mwenyewe anasemaje?

Refa akamtazama Dizeli. Dizeli akatazama ndani ya kikombe chake.

— Hajanipigia, alisema Mzee.

— Na wewe, baba, umempigia?

Wanaume wale wangeweza kukutajia kila mchezo wa Cordell tangu akiwa shule ya msingi. Simu hakuna aliyempigia.

Mzee akatoa simu, akaisogeza mbali na macho. Dizeli akamtafutia jina, akambonyezea, akaweka sauti kubwa.

— Baba?

— Kichwa kinakuumaje, mwanangu?

Verneta akaiinamia simu.

— Kinauma, Baba. Hata taa siwezi kuziangalia. Jumapili hata benchi letu sikulitambua. Jana nimemwambia kocha naacha mpira. Nimekaa na simu mkononi tangu asubuhi, sijui nikwambieje.

— Si umeshaniambia.

— Hujakasirika?

— Goti nimezoea kuliburuta, Cordell. Kichwa hakiburutwi. Rudi nyumbani ule, ulale.

Verneta akavuta pumzi ambayo alikuwa hajaivuta vizuri tangu simu ile ya jana yake. Baba yake alikuwa bado ameshika simu kwa mikono miwili, ingawa mazungumzo yalikwisha. Bi Ines akauweka mkoba wa barua chini, akamshika bega.

— Mimi nilisema tangu mwanzo kijana anahitaji kupumzika, alisema Refa.

— Ulisema ni mpelelezi, alisema Dizeli.

— Mpelelezi naye si anachoka?

Mzee akacheka, akasogeza kikombe kiongezwe.

Cordell alirudi Harlow Ijumaa, na hakucheza tena. Mwaka uliofuata aliajiriwa na wilaya kupima mipaka ya mashamba.